Twamficha Nani?

Katika simu na kompyuta za siku hizi mna dirisha liitwalo hali fiche. Mtu alifunguapo husoma atakayo katika intaneti, na alifungapo, kivinjari hufuta historia ya kurasa alizozisoma, pamoja na vidakuzi, yaani zile alama ambazo tovuti huziweka ili kumtambua mgeni wake arudipo. Jambo hili lilianza mwaka 2005 katika kivinjari cha Safari, na leo limo katika vivinjari vingi. Wakristo wengine wauliza: Je, ni dhambi kulitumia?

Twajibu kwanza ya kuwa kufunga mlango si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba asaliye na aingie chumbani mwake, na atoaye sadaka asijitangaze. Mwalimu atumiaye kompyuta moja na wenzake katika ofisi ya usharika afanya vema asiache barua zake wazi kwa ajaye nyuma yake. Mgonjwa atafutaye habari za ugonjwa wake kwa simu ya kuazima hana wajibu wa kuutangaza. Na mke apigwaye, atafutapo mahali pa kukimbilia, huenda dirisha hilo likamwokoa. Hao wajisitiri tu, wala hawamdhulumu mtu.

Lakini tena na tujue dirisha hili lamficha mtu kwa nani. Yafutwayo ni yale yaliyomo katika chombo chake tu. Hata hivyo, faili alizozipakua hubaki. Kampuni ya simu yaweza kujua tovuti anazozifikia, na tovuti zenyewe zaweza kuona kwamba amefika. Mwaka 2020, huko California, watu waliishtaki kampuni ya Google, wakisema kwamba iliendelea kukusanya habari zao hata walipokuwa katika hali fiche. Kampuni ilikana kosa. Lakini katika mapatano yaliyotangazwa mwaka 2024 ilikubali kuziharibu kumbukumbu nyingi mno za namna hiyo. Wazee walisema kweli: siri ya mtungi aijuaye kata.

Basi angalieni ajabu hii. Mfanyabiashara atafutaye faida kwetu aweza kujua tulikopita; mwenzi alalaye nasi chumba kimoja hajui. Mtu acheza kamari usiku katika dirisha hilo. Ada ya watoto yapungua kidogo kidogo, na mkewe hana alama ya kumwonya, hata siku waliyorudishwa shuleni. Mwenye kamari alimjua tangu mwanzo. Aliyefichwa ni yule mmoja ambaye angaliweza kumshika mkono. Ndiyo hatari tuionayo sisi: si kwamba mlango umefungwa, bali kwamba waliofungiwa nje ni wale wampendao.

Wengine watasema: Yatosha kuwaambia watu ya kwamba Mungu aona. Naam, aona. Lakini tusimhubiri kana kwamba ni askari aviziaye. Adamu alipojificha katikati ya miti, Mungu alimwuliza alipo, si kwa kuwa hakumjua alipo, bali ili atoke na kusema naye.

Kwa sababu hiyo wazee wetu wa imani hawakuitupa toba ya faragha. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lataka idumu katika Kanisa. Hiyo nayo ni siri, mlango wake nao umefungwa. Walakini ndani yake mna watu wawili, na mmoja amwambia mwenzake neno la msamaha. Katika dirisha letu mtu yu peke yake na dhambi yake, na hakuna wa kumwondolea.

Basi ninyi waalimu, mfundishapo vijana wa kipaimara, msiwaambie tu kwamba wataonekana, maana watajifunza kujificha zaidi. Wafundisheni kujiuliza: Twamficha nani, na kwa nini? Ikiwa twamficha mwenye nia ya kutudhuru, na tufunge mlango kwa amani. Ikiwa twamficha yule tunayemdhulumu, tusiufunge; na twende kwake tukamwambie, au kwa mchungaji kwanza, kabla hajayasikia kwa wadai.