Ngano ni ya Nani?
Je, kusimulia upya ngano ya watu wengine ni wizi? Ngano ya kima aliyedai ameuacha moyo wake mtini imo katika Panchatantra ya India. Mwaka 1870 Edward Steere aliichapisha kwa Kiswahili, kama ilivyosimuliwa Zanzibar, mamba akiwa amegeuka papa. Nitokapo chuoni Mbarara kwenda Nakivale kuwasomea watoto kitabu chake cha picha, Wakongo na Warundi hubishana, kila mmoja akisema ni ya bibi yake. Sioni wizi hapo, kwani hadithi haipungui kwa kugawanywa. Kosa ni kuficha ilikotoka. Kitabu kitaje safari yake, ili mtoto mkimbizi ajue kwamba mgeni aweza kuwa mwenyeji bila kukana kwao.