Kutaja Kwenu kwa Kiingereza

Watu wakikutana huanza kwa salamu, na baada ya salamu aghalabu hufuata swali: unatoka wapi? Swali hili ni dogo katika Kiswahili, na wewe, msomaji, umelijibu mara nyingi bila kufikiri. Lakini ukiulizwa kwa Kiingereza pengine utasita kidogo, kwa kuwa lugha hiyo yakutaka uchague maneno kabla ya kufungua kinywa. Nataka kukuonyesha kwamba uchaguzi huo si wa sarufi peke yake. Mtu achaguaye maneno ya kutaja kwao achagua pia ukweli upi atauweka mbele ya mwenziwe, na upi atauacha nyuma.

Tuanze na sarufi, maana ndiyo nyepesi. Kiswahili chatumia "natoka" kwa mambo mawili. Mtu aliyeshuka garini sasa hivi husema, "Natoka Voi," na mtu ambaye babu zake wamezikwa Voi husema vivyo hivyo, nasi twamwelewa kila mmoja kwa hali yake. Waingereza wameyatenga mambo hayo. Aliye safarini husema "I am coming from Voi". Ambaye Voi ni kwao husema "I come from Voi". Wanafunzi wengi hutaja kwao kwa sentensi ile ya kwanza, na Mwingereza akiisikia hungoja asimuliwe habari za njiani. Wengine, ili waonekane wamesoma, husema "I hail from Voi". Maneno hayo asili yake ni baharini: mabaharia walikuwa wakiipigia ukelele meli waliyokutana nayo, nayo hujibu imetoka bandari gani. Yapo vitabuni na katika hotuba za kumkaribisha mgeni wa heshima, lakini mwanafunzi ayatumiaye kwa mwenziwe njiani ni kama mtu aliyevaa kanzu ya arusi kwenda kuteka maji. Ama "I originate from", hayo tuwaachie wenye kueleza mito na magonjwa.

Neno la kila siku ni "I am from". Ni fupi, ni la kawaida, na mfalme na mchuuzi hulitumia sawasawa. Ufupi wake una siri. Halisemi kama ulizaliwa mahali hapo, au ulilelewa hapo, au ni wazee wako tu waliotoka huko. Mwingereza akitaka kupambanua husema "I was born in", au "I grew up in", au "my family is from". Basi lile neno fupi ni kama mlango mpana: watu wa namna nyingi wapita bila kuulizwa vyeti.

Kiswahili nacho kina neno ambalo Kiingereza hakina, yaani "kwetu". Angalia kwamba hatusemi "kwangu" tunapotaja asili yetu. Kwangu ni pale penye kitanda changu na sufuria zangu, hata kama ni chumba cha kupanga. Kwetu ni pale ninapohesabiwa pamoja na wengine, hata nikiwa siko. Mwingereza husema "my home" kwa pande zote mbili, na mwanafunzi afasiriye neno kwa neno hupoteza nusu ya maana njiani.

Tofauti hiyo ilipata kushindaniwa mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki mwezi wa Desemba 1986, naye alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi. Mjane wake alitaka kumzika karibu na Ngong, penye ardhi yao. Jamaa wa ukoo wake, Umira Kager, walitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Katika mabishano hayo ilibidi kupima kama mtu aliye na "house" mjini aweza kusemwa ana "home" mjini. Mahakama ya Rufani iliupa ushindi ukoo, na mwezi wa Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Sina nia ya kuihukumu kesi hiyo upya. Naitaja ili uone kwamba maneno haya mawili, ambayo katika zoezi la darasani hugharimu alama moja tu, yaliwashughulisha majaji na taifa zima kwa muda wa miezi mitano.

Je, ni uongo basi mtu kutaja mahali hapa kwa mmoja na pale kwa mwingine? Mimi nilizaliwa Changamwe, maana baba yangu alikuwa akifanya kazi bandarini, na kwao ni Mwatate katika nchi ya Taita. Mombasa nikiulizwa husema Taita, na Mwatate wenyewe huniita mtu wa Mombasa. Nikiwa nje ya nchi yetu, Kenya yatosha. Sioni uongo hapo, kwani mviringo mdogo u ndani ya mkubwa, na msikilizaji apewa kipimo kinachomfaa. Lakini nilipoingia chuo cha ualimu nilikuwa nikisema "I am from Mombasa" kwa sababu niliona haya ya Mwatate na vumbi lake. Sentensi ilikuwa sahihi, tena ya kweli, nami nilikuwa nadanganya. Sarufi haikuweza kunikamata. Baba alipokuja siku moja kunitembelea, akaulizwa getini kwao ni wapi, akataja Mwatate kwa sauti ya kusikika mbali, rafiki zangu wakanitazama.

Kuna jambo jingine zito zaidi, nalo lahusu yule aulizaye. Mwezi wa Februari 2008 nilikuwa kidato cha pili. Nchi ilikuwa imetoka katika ghasia za baada ya uchaguzi, ambazo ziliwaua watu zaidi ya 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Msichana mgeni aliletwa darasani mwetu. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa akifundisha zoezi la kujitambulisha, akamtaka aseme atokako. Msichana akasimama, akasema, "I was born in Burnt Forest." Mwalimu akamwambia hilo silo jibu: hakuulizwa alizaliwa wapi, aliulizwa atoka wapi. Yule msichana akanyamaza kitambo, kisha akasema, "I do not know, sir." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka pamoja nalo, maana tuliona ni ajabu mtu asijue kwao.

Baadaye tulipata kujua kwamba nyumba yao ilichomwa moto mwezi wa Januari. Waliowafukuza waliwaambia warudi kwao. Huko walikoambiwa ni kwao ndiko alikozaliwa babu yake, naye hakuwa amepata kukanyaga. Basi tazama alivyobanwa. Angesema "I come from Burnt Forest", angesema kweli iliyokanushwa kwa moto. Angetaja kijiji cha babu yake, angesema uongo ambao wengine wangeukubali. Alichagua "I was born in", maneno ambayo hakuna awezaye kuyapinga, na sisi tukaona ni kosa. Katika darasa lile ni yeye pekee aliyekuwa amejifunza Kiingereza barabara.

Tangu siku hiyo naamini kwamba wajibu wa kwanza si wa ajibuye. Katika siku zile kulikuwa na watu waliosimamishwa barabarani wakaulizwa kwao ni wapi na mtu mwenye panga, na sidhani kwamba mtu huyo alidaiwa na yeyote jibu la kweli. Hata pasipo panga, swali laweza kuuma. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani, walijibu kwa miaka mingi kwamba kwao ni Kwale, lakini hawakupewa vitambulisho vya uraia mpaka mwaka 2016, baada ya kwenda Nairobi kwa miguu kuvidai. Jibu lao halikubadilika kwa muda wote huo. Waliobadilika ni waliowasikiliza.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha Kiingereza, na zoezi la kujitambulisha lingalipo. Huandika ubaoni "I am from", "I come from", "I was born in", "I grew up in" na "my family is from", nikaeleza kila moja, kisha humwachia mwanafunzi achague. Simwulizi kwa nini. Mwaka jana mmoja aliandika, "My parents are from far away, but I am from here." Niliisoma sentensi hiyo mara mbili nikitafuta kosa, nikaitia alama ya vyema, nikachukua daftari la pili.