Kalafati Haipigwi Mara Moja

Palikuwa na fundi wa mashua huko Pangani, mtu wa makamo, hodari wa kupiga kalafati. Alipitisha vidole juu ya mbao, akagundua upenyo ambao jicho lingeupita, akaujaza pamba iliyoloweshwa mafuta. Alimpa kila mwenye chombo usia mmoja: msimu ujao kirudishe, hata kama hakivuji.

Mwaka mmoja alishikwa na kiu isiyokatika. Usiku akawa anatoka kwenda haja ndogo mara nne, mara tano, na shati likaanza kumpwaya. Alisingizia joto, hadi mkewe alipomshurutisha kwenda zahanati. Akatobolewa kidole, mashine ikaonyesha 19. Mhudumu aliiandika namba ile kwenye kadi, akampa vidonge vya mwezi mmoja na kumwambia, "Una sukari, mzee. Usitumie vitu vitamu." Kisha akamwita aliyefuata, maana foleni ilikuwa ndefu.

Mzee alivimeza vyote. Kiu ikaisha, usingizi ukarudi. Aliyoyajua kuhusu dawa alifunzwa na malaria: ukimaliza dozi, umepona. Kadi akaitia kwenye sanduku la zana, akamshukuru Mungu. Chai aliinywa bila sukari, lakini sinia la wali na maandazi ya asubuhi hakuyahesabu, kwani kwake sukari ilikuwa ile ya kwenye kopo.

Miaka miwili ikapita. Nyayo zikaanza kufa ganzi, naye akadhani ni usugu wa kazi. Jioni moja mkewe aliona matone ya damu sakafuni. "Mume wangu, umekanyaga nini?" Alipoinua mguu, walikuta msumari umepenya kandambili na kuzama unyayoni. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi.

Kidonda hakikuuma, kwa hiyo hakukiogopa. Kikapakwa majani, kikafungwa kitambaa. Wiki ya tatu kilinuka na vidole vikawa vyeusi. Alipofikishwa hospitali, mguu ulikatwa chini ya goti.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na mishipa ya damu. Mguu hukosa hisia ya kuonya, na hukosa damu ya kuponya. Hapo msumari, kiatu kinachobana, maji ya moto, hata panya anayetafuna kidole usiku, hufanya kazi yake mwenye mguu asijue.

Wodini, muuguzi mmoja aliketi kando ya kitanda. "Fundi, chombo ukishakipiga kalafati, kimepona?"

"Hakiponi, mwanangu. Bahari haikiachi. Kila msimu lazima kirudi."

"Basi na mwili wako ni hivyo hivyo. Vidonge ndiyo kalafati yako."

Mzee alinyamaza kitambo. "Maneno haya," akasema, "yangeniokolea mguu."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fundi huyu alisikia kila aliloambiwa, ila aliambiwa machache. Ndiyo maana funzo hili lina pande mbili.

Ewe mhudumu, namba kwenye kadi si maelezo. Mweleze mgonjwa kwamba kisukari hakina dozi ya kumaliza, kwamba wali, ugali na muhogo navyo hugeuka sukari mwilini, kisha mwombe akurudishie hayo kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa, rudia kwa mfano wa kazi yake. Dakika tatu hizo ni sehemu ya tiba.

Nawe mgonjwa, uliza. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7 mmol/L au zaidi, na kikirudiwa kikawa vivyo hivyo, hicho ni kisukari. Usiache dawa kwa sababu kiu imeisha; kiu imeisha kwa sababu unameza dawa. Usitembee peku. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Osha miguu na ukaushe katikati ya vidole. Ukiona mchubuko au jeraha, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, liume lisiume.

Na wewe unayeishi na mzee mwenye sukari, leo kabla hajalala washa taa, umwombe ainue miguu, uzitazame nyayo zake. Yeye huenda hahisi; ona wewe kwa niaba yake.