Amana ya Nyumba ya Dawa: Ni Nani Mwenye Kuisimamia?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baadu. Katika mambo yanayozungumzwa barazani baada ya sala ya alasiri, mojawapo ni hili: kuziangalia nyumba za dawa za umma, yaani zahanati na vituo vya afya na hospitali za wilaya, ni kazi ya nani? Wako wasemao kuwa ni kazi ya serikali peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyozijenga na ndiyo iwalipayo waganga na wakunga. Basi ra'ia hana lililo juu yake ila kwenda akiugua, na kungoja, na kulalamika. Na wako wasemao kuwa ra'ia naye ana fungu lake, na mwenye kuliacha ataulizwa. Jambo hili si dogo, kwa kuwa mwisho wake ni roho ya mtu.

Na mfano ulio karibu ni Kilosa na Mikumi, katika mkoa wa Morogoro. Kilosa si nchi ngeni kwa watu wa pwani: misafara ya zamani iliyopanda bara kutoka Bagamoyo na Saadani ilipita katika nchi ya Wasagara, kisha Wadachi wakaipitisha hapo reli yao iliyofika Kigoma mwaka 1914. Ni wilaya pana. Ina mashamba ya mkonge na miwa, ina milima ya Wakaguru na Wavidunda, ina wafugaji na ng'ombe wao. Na upande wa kusini iko Mikumi, juu ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, ambayo hupita katikati ya hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, maelfu ya watu walitoka majumbani mwao wakakaa mahemani, na reli ikakatika. Katika nchi kama hiyo, mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua hana Muhimbili. Ana zahanati ya kijiji chake, na mtu mmoja au wawili walio ndani yake. Akikuta mlango umefungwa, au mkunga yupo na dawa ya kuzuia damu haipo, basi maneno yote yaliyosemwa mjini juu ya afya hayamfai kitu.

Na ajue msomaji kuwa nyumba hizi hazikuota kama uyoga. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliziachia serikali za wenyeji kuweka vijumba vya kufungia vidonda na kutolea dawa kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na khasa katika miaka ya 1970, serikali ilianza kuzielekeza fedha vijijini badala ya kuzimaliza katika hospitali kubwa za miji. Mwaka 1977 sheria ilikataza utabibu wa kutafuta faida. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata wakakubali kuwa afya ya msingi, ile iliyo karibu na nyumba ya mtu, ndiyo njia ya kuwafikia wote. Kisha hali ya mali ikawa nzito. Mwaka 1991 utabibu wa binafsi ukaruhusiwa tena, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Mwaka 2001 ikapitishwa sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Mwaka 2007 ukaanzishwa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, wa miaka kumi, uliokusudia zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Katika mwaka wa fedha wa 2017/18 ikaanza desturi ya kupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti ya kituo chenyewe. Na mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Mwenye kuyatazama mageuzi haya kwa makini ataona kuwa, pamoja na mengine yaliyomo, jambo moja linarudi: ufunguo wa sanduku unahama. Mara uko kwa mkubwa wa mji mkuu, mara uko kwa halmashauri ya wilaya, mara uko mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe; na sasa sehemu yake imefika kijijini, kwa mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ndani yake wamo wanakijiji waliochaguliwa na wenzao. Basi yule asemaye leo kuwa hayo ni mambo ya serikali, asema neno lililokuwa na nguvu zaidi zamani kuliko sasa.

Ama hukumu yake katika dini, msingi wake ni amana. Qur'ani imeamuru amana zirejeshwe kwa wenyewe, na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa kila mtu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na Imamu Shafi'i, Mungu amrehemu, amemfananisha mwenye kutawala mbele ya ra'ia na walii mbele ya yatima. Katika mfano huu mna mambo matatu. La kwanza, walii hana ruhusa ya kutumia mali ya yatima ila kwa maslaha ya yatima. Vivyo hivyo hapana mkubwa mwenye ruhusa ya kuitumia fedha ya dawa kwa posho za safari na mikutano isiyo na haja, hali kabati la zahanati ni tupu. La pili, walii hana budi kutoa hesabu. La tatu, na hili ndilo wengi hulisahau, yatima habaki yatima milele. Qur'ani imeamuru wajaribiwe mpaka wafikapo umri wa kuoa, na wakionekana wana busara wapewe mali yao mbele ya mashahidi. Basi ra'ia aliyepewa kiti katika kamati, akaonyeshwa daftari, akaulizwa rai yake, amefanywa kama yatima aliyebaleghe. Akikataa kukaa, akakataa kulifungua daftari, kisha akarudi barazani kusema kuwa mali yake inaliwa, neno lake si la mwenye kudhulumiwa. Ni la mtu aliyeitupa haki yake kwa mkono wake.

Huenda mtu akasema: mkulima wa Kilosa hajui utabibu, atamsimamiaje mganga? Jawabu ni kuwa usimamizi una milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa elimu, na huo ni wa wenye elimu peke yao. Mwaka 319 wa Hijra, yaani 931 wa Miladi, ilipomfikia Khalifa al-Muqtadir khabari ya mtu aliyekufa Baghdad kwa kosa la tabibu, aliamuru asitibu mtu yeyote katika mji ila aliyejaribiwa na Sinan bin Thabit, mkuu wa matabibu. Wakajaribiwa zaidi ya watu 800. Na waziri Ali bin Isa alimwandikia Sinan huyo huyo apeleke matabibu na dawa wazunguke katika vijiji vya Iraq ambavyo havikuwa na tabibu. Basi afya ya vijijini na ukaguzi wa waganga si uzushi wa Wazungu. Ni jambo lililokuwa katika dola ya Waislamu zaidi ya miaka elfu iliyopita.

Ama mlango wa pili ni wa macho na ukweli, na huo hauhitaji chuo kikuu. Mkulima hawezi kujua kipimo cha dawa, walakini ajua mlango ulifunguliwa saa ngapi. Ajua maboksi mangapi yalishushwa garini, na aweza kuuliza kama daftari lasema hivyo hivyo. Ajua kuwa utaratibu wa serikali umemsamehe malipo mama mwenye mimba, na mtoto aliye chini ya miaka mitano, na mzee asiyejiweza. Basi akisikia kuwa mke wa jirani yake ametozwa, au ametumwa dukani kununua glavu usiku wa kuzaa, ajua kuwa liko la kuuliza.

Na hapa ndipo penye hatari ya upande wa pili, kwani usimamizi nao una adabu zake. Imezoeleka mkubwa kuja na msafara wa magari, akasimama mbele ya watu, akamkaripia mganga wa kijiji kwa kuwa dawa hakuna, na watu wakapiga makofi, kisha msafara ukaondoka na dawa bado hakuna. Yapasa iulizwe: je, mganga yule aliiba, au aliagiza asiletewe? Aliye na khiyana na aliye na uchache wa vitu si sawa, na kumfedhehesha mtu kwa kosa la bohari au la mwenye kuidhinisha fedha ni dhulma, hata ikiwa imefanywa kwa jina la kuwatetea wanyonge. Mara nyingi mganga wa zahanati yuko peke yake, afanya kazi ya watu watatu, na wa kwanza kuamshwa usiku ni yeye. Naye ni ra'ia, na ana haki ya kulindwa.

Lizingatiwe lililopokewa katika Sahihi ya Bukhari. Watu wa Kufa walimshitaki Saad bin Abi Waqqas kwa Sayyidna Umar. Umar hakumdharau mshitaki kwa udogo wake, wala hakumhukumu Saad kwa neno la mtu mmoja. Alimwita Saad akamwuliza yeye mwenyewe, kisha akatuma wajumbe wauzunguke mji, wasiache msikiti ila wameuliza. Wote wakamsifu, ila mtu mmoja aliyemzulia. Na Umar, ijapokuwa alikuwa amekwisha kumwondoa Saad katika kazi, alibainisha kabla ya kufa kwake kuwa hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Hapa mna mafunzo yote: kusikiliza malalamiko, kuuliza kwa wenyeji si kwa wakubwa peke yao, na kuisafisha heshima ya mtu baada ya uchunguzi. Na mna onyo kwa mwenye kuzua, kwani aliyemzulia Saad alipatwa na dua yake.

Hali kadhalika katika jambo la zawadi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu kukusanya zaka, naye aliporudi akasema kuwa hii ni yenu na hii nimezawadiwa, Mtume akakasirika, akauliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama angezawadiwa. Basi ile iitwayo chai, apewayo mhudumu ili mgonjwa atangulizwe, haihalaliki kwa kubadilishwa jina. Mpokeaji ana dhambi. Na mtoaji akiwa ametoa ili aipite zamu ya mwenziwe, ana dhambi naye. Wengi hulaani rushwa ya mkubwa, nao ndio waliomfundisha mdogo kuipokea.

Limebaki jambo moja linalowagusa Waislamu khasa. Pale Mikumi majeruhi wengi wa barabara kuu na wagonjwa wa vijiji vya karibu hukimbilia hospitali ya Mtakatifu Kizito, ambayo ni ya Wakatoliki. Baadhi ya watu huona haya kulisema, na wengine hulisema kwa chuki. Si haya wala chuki inayofaa. Mtume (S.A.W.) katika Hijra yake alimwajiri mtu asiyekuwa Mwislamu amwongoze njia, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu, basi mgonjwa ana ruhusa, na mwenye kumtibu ashukuriwe. Linalofaa ni kujiuliza. Imamu Ghazali, katika Ihya, ameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kutosheleza, akalalamika kuwa katika zama zake iko miji isiyo na tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, na hali wanafunzi wanasongamana katika elimu ya khitilafu na mabishano. Maneno hayo yana zaidi ya miaka 900, na mwenye kuyasoma pwani leo hatahitaji kufasiriwa.

Basi jawabu la swali ni hili. Serikali haiondokewi na wajibu wake kwa kuwapo kamati ya kijiji: juu yake ni fedha, na dawa, na waganga wa kutosha, na ukaguzi wa wenye elimu, na haina udhuru kwa kusema kuwa wananchi wameshirikishwa. Na ra'ia haondokewi na wajibu wake kwa kuwapo serikali: juu yake ni kuhudhuria mkutano wa kijiji, na kumchagua mwaminifu badala ya jamaa, na kuuliza hesabu kwa upole, na kusema aliyoyaona bila kuzidisha. Ni faradhi ya kutosheleza: wakisimama wa kutosha, imewaondokea wengine, wasiposimama, wote wenye uwezo wana dhambi. Na alama ya kuwa wa kutosha wamesimama si wingi wa hotuba, bali ni mlango ulio wazi usiku, na dawa iliyomo kabatini, na daftari lisemalo kweli.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awape nguvu wenye kuwahudumia, na awaongoze wenye kushika funguo. Wallahu a'lam.