Kifungu cha Miaka 35

Kwenye Barabara ya Digo, si mbali na kelele za Gikomba, kuna jengo ambalo wengi wetu hupita bila kuliinulia macho. Ni makao ya COTU, muungano mkuu wa vyama vya wafanyakazi. Mwaka wa 1956 kijana wa miaka 26 alizuru Marekani, na vyama vya wafanyakazi vya huko vikamchangia dola 35,000 ili wafanyakazi wa Kenya wajenge nyumba yao wenyewe. Kijana huyo alikuwa Tom Mboya. Nimepita hapo mara nyingi nikienda kutafuta viatu vya mtumba, na nakiri kwamba kwa miaka mingi sikujiuliza ilikuwaje nyumba iliyochangiwa kwa ajili ya wafanyakazi ikaishia chini ya kivuli cha serikali.

Sikuja kumsimanga marehemu. Huyu alikuwa mtu wetu wa Eastlands. Kabla hajawa waziri, kabla ya nyumba ya Lavington, aliishi Ziwani. Alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake jinsi mama mmoja Mzungu alivyoingia kazini kwake siku moja, akamwona, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mtu alikuwepo, tena ndiye mkaguzi mwenyewe, ila mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hasira ya siku kama zile ndiyo iliyompeleka kwenye vyama vya wafanyakazi, na mwaka wa 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho lao, lililokuja kuitwa KFL.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 1954, wakazi wa mitaa hii waliamka wakakuta askari wamewazingira. Wazee wetu wanaikumbuka operesheni hiyo kama Anvil. Watu walitolewa nyumbani, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Gunia likitikisika, umekwenda. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walipelekwa kambini bila kesi wala hakimu, wakiwemo viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi. Mboya na wenzake waliobaki ndio waliopaza sauti hadi nje ya nchi.

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya chama chake mwenyewe cha siasa, PCP, kilichopata nguvu kwa wapangaji na vibarua wa mitaa hii. Machi 1959 polisi waliwavamia viongozi wake, na gazeti lao, Uhuru, likapigwa marufuku. Mwaka wa 1962 Mboya alipomwoa Pamela, alikuwa anaoa binti wa Walter Odede, mzee aliyekamatwa mwaka wa 1953 akapoteza miaka mingi ya maisha yake kizuizini bila kuhukumiwa na mahakama yoyote.

Nakurudisha huko nyuma makusudi, ndugu msomaji. Mboya aliijua serikali isiyo na breki. Alikuwa ameiona ikigonga milango ya majirani zake, na aliposimama Nairobi East mwaka wa 1961, watu hao hao wa mitaani walimpa zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Basi kisa hiki si cha mjinga aliyedanganywa. Ni cha mtu mwerevu kuliko wengi wetu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Kama yeye alijikwaa, mimi nani?

Uhuru ulipopatikana, kiongozi wa nchi, Kenyatta, alikuwa na watu wawili wenye nguvu kutoka Nyanza: Jaramogi Oginga Odinga, makamu wake, na Mboya, katibu mkuu wa chama tawala, KANU. Hawakupatana. Jaramogi alielekea Mashariki na alitaka wasio na ardhi waangaliwe haraka. Mboya alielekea Magharibi, na mwaka wa 1965 alisimamia ile hati maarufu ya serikali kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, Sessional Paper Namba 10. Ugomvi wao ulikuwa wa kweli, wa mawazo. Mimi mwenyewe ningesoma maneno ya wote wawili, huenda ningeegemea kwa Mboya. Shida ilikuwa zana zilizotumika kuumaliza.

Tarehe 24 Februari mwaka huo wa 1965, mbunge Pio Gama Pinto alipigwa risasi ndani ya gari lake, mbele ya nyumba yake, binti yake mdogo akiwa naye garini. Pinto alikuwa wa kambi ya Jaramogi. Hapo palikuwa na onyo kubwa kuliko yote, kwamba katika Kenya mpya mwanasiasa aweza kuuawa mchana na maisha yakaendelea. Lakini msiba ukiwa wa boma la pili, ni rahisi sana kuuhesabu kuwa msiba wa wengine. Sisi sote tunafanya hivyo. Kijana wa mtaa jirani akiuawa, swali letu la kwanza huwa, alikuwa na makosa gani?

Mwaka huo huo serikali ilivunja mashirikisho ya wafanyakazi yaliyokuwa yakigombana, likiwemo KFL alilolijenga Mboya, ikaunda COTU. Chini ya mpango huo mpya, wafanyakazi walipeleka majina matatu na Rais akachagua nani awe katibu mkuu. Mboya alikuwa waziri katika serikali hiyo, na mwanzoni wakubwa wa COTU walikuwa watu wake. Naam, jambo likiwa mikononi mwa rafiki zako, huoni ubaya wake. Unasahau kwamba kalamu ya kuchagua iko kwa mwingine.

Machi 1966 ukafuata mkutano wa KANU kule Limuru. Mboya ndiye aliyeupanga, na kwa kupanga mikutano hakuwa na mpinzani nchini. Nafasi moja ya makamu wa rais wa chama iligawanywa kuwa nane, moja kwa kila mkoa. Jaramogi akabaki bila kitu bila hata kufukuzwa. Aprili akajiuzulu serikalini, akaongoza chama kipya, KPU, pamoja na Bildad Kaggia. Wabunge walipoanza kumfuata, katiba ya nchi ikabadilishwa haraka haraka mwishoni mwa mwezi huo: anayehama chama apoteze kiti, arudi kwa wapiga kura. Mboya alikuwa mstari wa mbele kuitetea serikali. Katika uchaguzi mdogo wa Juni, KPU ikaambulia viti 9 tu.

Katikati ya mwaka huo ukafuata uamuzi uliozidi yote kwa uzito. Bunge liliirudishia serikali mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, hata wakati wa amani. Ilikuwa haijatimia hata miaka mitatu tangu uhuru. Ilipofika Agosti, wafuasi wa KPU walikuwa wameanza kuchukuliwa. Mkwe wa Odede alikuwa anakaa kwenye baraza la mawaziri.

Kabla hujampigia kelele, niruhusu nijitaje. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa chama cha kusaidiana mtaani kwetu. Palikuwa na mwanachama mmoja mbishi, kila mkutano anadai risiti. Alituchosha. Kamati ikaamua kuongeza kifungu katika katiba yetu: mwanachama yeyote atakayeleta mtafaruku aweza kusimamishwa na kamati bila kuitwa kujieleza. Mimi ndiye niliyekwenda saiba kuchapisha. Kijana wa saiba aliandika "mtafuruku", nami nikamsimamia mpaka alirekebishe, nikalipa, nikabana kurasa kwa stepla. Yule bwana akatoka. Baada ya mwaka na ushee nikauliza, tena kwa upole, pesa za kukodi hema zilikwenda wapi. Wiki mbili baadaye nikapokea barua ya mistari mitatu. Kifungu kilikuwa kimenakiliwa kama kilivyo. Neno "mtafaruku" lilikuwa limeandikwa sawasawa.

Kwangu mimi zilikuwa pesa za mazishi na hema. Turudi kwa Mboya.

Jaramogi alipoondolewa, Mboya alionekana ameshinda. Lakini fikiria jambo hili kwa makini, maana wengi waliandika habari za enzi ile wakalipita haraka. Wakubwa waliomzunguka Kenyatta walimhitaji Mboya kwa sababu Jaramogi alikuwepo. Alikuwa Mjaluo wa kumkabili Mjaluo, msemaji hodari, mjuzi wa kanuni za chama. Mpinzani alipobaki na viti 9, hodari huyo akawa ndiye tishio lililosalia. Mei 1968 Kenyatta aliugua ghafla, na swali la nani atamrithi likawa kwenye kila mdomo. Mwaka huo huo ukaletwa mswada mwingine wa kubadilisha katiba. Pendekezo la kwanza lilitaka mgombea urais awe na umri usiopungua miaka 40.

Mboya alikuwa na miaka 37.

Umri huo ulishushwa hadi 35 kabla sheria haijapita, na wengine wakasema basi, mambo yamekwisha, Mboya amepona. Kwa maoni yangu hapakuwa na onyo lililoandikwa waziwazi kuliko hilo. Ilikuwa mbinu ile ile ya Limuru: usimfukuze mtu, badilisha kanuni mpaka asipate pa kukanyaga. Yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha jinsi inavyofanyika. Tena Agosti 1968, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, karatasi za wagombea wote wa KPU, wapatao 1,800, zilikataliwa kwa madai kwamba zilijazwa vibaya. Mlango wa kushindana kwa kura ulikuwa unafungwa mbele ya macho ya kila mtu, na katibu mkuu wa chama kilichofaidika alikuwa Mboya. Kama angelazimika siku moja kutoka KANU, angekwenda wapi? Sheria ya kuhama chama ilikuwa inamsubiri, na kizuizini pia.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 39, alikwenda duka la dawa la Chhani kwenye Barabara ya Serikali, ambayo leo ni Moi Avenue. Alinunua mafuta ya ngozi, akazungumza kidogo na mwenye duka aliyekuwa akifahamiana naye, akatoka. Alipigwa risasi mlangoni. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa kabla mwaka haujaisha. Nani alimtuma, mahakama haikujibu.

Sisemi kwamba sheria za 1966 ndizo zilizomfyatulia risasi. Hiyo itakuwa kumwonea. Ninachosema ni kwamba alipoanguka, vyombo ambavyo vingeweza kuilazimisha serikali ijibu vilikuwa vimekwisha kunyamazishwa, na yeye alikuwa ameshiriki kuvinyamazisha. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo mwaka wa 1956 vingejaza uwanja wa Kamukunji kwa siku moja, vilikuwa mkononi mwa Rais. Watu waliojaa nje ya Kanisa la Holy Family kwa misa yake walirusha mawe na viatu kwenye msafara wa Rais, wakajibiwa kwa gesi ya machozi. Oktoba, baada ya watu kuuawa Kisumu, KPU ikapigwa marufuku. Jaramogi akawekwa kizuizini kwa sheria ile ile. Wapinzani wawili wa jana walikuwa wamefikishwa mwisho mmoja wa siasa, mmoja kaburini Rusinga na mwingine nyuma ya mlango wa chuma, na nchi ikawa na chama kimoja.

Jirani zetu wana kisa chao. Oscar Kambona alikuwa waziri katika serikali ya Tanganyika iliyopitisha sheria ya kizuizini mwaka wa 1962. Alipokosana na Mwalimu Nyerere akakimbilia London mwaka wa 1967, ndugu zake wawili waliobaki nyumbani waliwekwa ndani bila kesi, kwa sheria hiyo hiyo.

Siku hizi vijana wa mitaani wakiitana kujadili jambo kando ya barabara husema, tufanye kamukunji. Ni neno zuri, na limetoka kwenye uwanja wetu. Najua katika kamukunji hizo, na katika vyama vyetu vya akiba, na kwenye kamati za maji na za ploti, kuna katiba ndogo ndogo zinazorekebishwa kila mwezi ili kumshughulikia mtu fulani. Ndugu yangu, kifungu kikiletwa, omba kisomwe tena taratibu, na mahali palipokusudiwa jina la yule mbishi, weka jina lako mwenyewe. Kama sauti yako itatetemeka ukikisoma hivyo, usikipigie kura, hata kama yule mbishi anakuudhi kweli.

Mamlaka yale ya kumweka Mkenya kizuizini bila kesi yalidumu miaka 31. Yaliondolewa mwaka wa 1997, mwaka ambao Mboya angetimiza miaka 67.