Chombo na Mwenye Chombo

Katika nchi za baridi, kama Ujerumani na Uingereza, wapanda pikipiki wengi huziweka pikipiki zao ghalani wakati wa baridi kali. Barabara huwa na barafu, na chumvi inayomwagwa ili kuiyeyusha huila chuma. Ufikapo mwezi wa Machi, miti ianzapo kuchipua na siku kurefuka, milango ya maghala hufunguliwa, na kila mtu huinama juu ya chombo chake, akikipangusa na kukikagua. Desturi hii ni njema. Lakini ndani yake limo swali ambalo lamhusu kila mtu, awe wa nchi ya baridi au wa nchi ya joto: je, aliyelala muda wote huo ni pikipiki peke yake, ama na mpandaji wake pia?

Na tuanze na chombo. Watu wengi hudhani kuwa kitu kisichotumika hakiharibiki. Dhana hii si kweli. Gurudumu lililosimama hupungukiwa na upepo kidogo kidogo. Betri hupoteza nguvu zake ingawa hapana taa iliyowashwa. Petroli iliyokaa miezi mingi huchacha, ikaacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Mnyororo usiopakwa mafuta hushika kutu, na hata mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa yakapungukiwa na uwezo wake. Kwa hiyo mwenye busara hasemi, "Niliiacha nzima, nitaikuta nzima." Hupima upepo, huchaji betri, hubadilisha mafuta, hukaza mnyororo, hujaribu breki na taa moja moja, ndipo apande.

Na mpandaji je? Yeye hana mnyororo wa kushika kutu, lakini ana macho, mikono na akili, navyo vyote hutiwa makali na mazoea. Jicho lililozoea huona changarawe ya kwenye kona kabla gurudumu halijaifikia. Mkono uliozoea hushika breki bila kungoja kuamriwa. Mazoea yakikatika, vyote viwili hukawia. Na katika mwendo wa pikipiki, kukawia kidogo ni kukawia kwingi. Kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, pikipiki hukata mita 20 kila sekunde. Aliyechelewa sekunde moja tu amekwisha pita yapata urefu wa madarasa mawili. Tena wapandaji wa Ulaya, watokapo ghalani, hukuta mchanga uliosalia barabarani tangu wakati wa barafu, na madereva wa magari ambao kwa miezi kadhaa hawakuzoea kukutana na pikipiki. Hatari imezidi wakati ule ule ambapo ustadi umepungua.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mtu aliyejua kuogelea husahau?" Swali lake lilikuwa zuri. Kweli, hasahau. Lakini kujua ni jambo moja, na kuwa tayari ni jambo jingine. Ujuzi hukaa ndani ya mtu kama panga ukutani: panga ni lile lile, ila makali yake yataka jiwe. Jambo hili sikulijua kwa kusoma vitabu. Nililijua kwa aibu.

Masika ya mwaka 2018 yalikuwa makubwa nchini Kenya. Niliiacha pikipiki yangu chini ya upenu wa jiko kwa muda wa miezi mitatu. Mwezi wa Juni nilitoa siku nzima ya Jumamosi kuitengeneza, pamoja na fundi wetu wa kijijini, mzee mwenye maneno machache. Tulipomaliza alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaniambia, "Haya, pikipiki iko tayari. Na wewe, mwalimu?" Nikacheka, nikidhani anafanya mzaha.

Jumatatu asubuhi niliteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Barabara ile hujipindapinda ubavuni mwa milima ya Taita, na asubuhi hiyo palikuwa na ukungu. Nilikuwa nimechelewa, nami nikaenda kwa mwendo wa mtu aliyepanda jana na juzi. Nilipokata kona moja niliwaona watoto wa shule wakivuka njia. Nilibana breki ya nyuma kwa nguvu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Gurudumu likateleza, pikipiki ikalala, nami nikajikuta majanini. Hapana mtoto aliyeguswa. Msichana mdogo aliyekuwa karibu nami alikiokota kitabu alichokiangusha kwa hofu, akanitazama, akasema kwa upole, "Pole, mwalimu."

Watu waliokusanyika walinifariji wote kwa neno moja: "Ajali haina kinga." Nilishukuru, lakini moyoni nilijua kuwa sistahili faraja ile. Breki zilikuwa nzima. Matairi yalikuwa na upepo wa kutosha. Kilichokuwa kibovu ni mimi, na nilikuwa nimeulizwa siku mbili kabla, nikacheka.

Hapa ndipo penye swali gumu. Tuseme wako watu wawili waliozembea sawasawa. Mmoja akafika kwake salama. Wa pili akakuta mtoto njiani, akamwumiza. Je, makosa yao ni sawa? Mahakama haitawatendea sawa, nayo ina haki, kwa kuwa aliyeumizwa ana madai yake na hapana budi yasikizwe. Lakini dhamiri ina mizani nyingine. Haipimi yaliyotokea tu. Hupima yale yaliyokuwa katika uwezo wetu, tukayaacha. Wa kwanza hakumwepusha mtoto kwa wema wake. Ni njia tu iliyokuwa tupu. Akijisifu kuwa dereva mwema kwa sababu alifika, anajivika nguo ya kuazima. Bahati si shahidi wa uadilifu.

Je, methali yetu yasema uongo? La. Neno ajali asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni muda uliowekwa, siku ya mwisho ya mtu. Yako mambo ambayo hapana binadamu awezaye kuyazuia, nayo methali hutufundisha kuyapokea kwa subira. Lakini wazee hao hao walisema pia kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hizi mbili hazigombani, zimegawana kazi. Ya pili ni ya kabla ya safari, na ya kwanza ni ya baada yake. Anayeitumia ile ya kwanza kabla ya safari ameigeuza faraja kuwa kisingizio.

Tangu siku ile, kila nipumzishapo pikipiki, hujikagua na nafsi yangu pia. Huvaa kofia ngumu, kama sheria iamrishavyo kwangu na kwa abiria wangu, kisha huenda uwanjani mahali patupu. Huko hupinda polepole, hujaribu breki zote mbili, na kujikumbusha uzito wa chombo. Siku za kwanza hutoka nyumbani mapema, ili haraka isiwe mwendeshaji badala yangu.

Nanyi, wasomaji wangu vijana, huenda hamna pikipiki. Lakini kila mmoja wenu ana kitu alichokiweka ghalani: kalamu wakati wa likizo, urafiki uliopoa, ahadi aliyoitoa zamani akadhani ingali nzima. Mtakapokirudia, msiishie kufuta vumbi la juu. Jiulizeni lile swali la mzee fundi, wala msicheke kama nilivyocheka mimi: chombo kiko tayari; na wewe je?