Kimo cha Kuruka na Dhamiri ya Rubani

Ndege ndogo inayotoka Bujumbura kwenda Kigoma, safari ya kilomita 180 hivi, huambaa pwani ya Kibenga ikielekea kusini, mashariki kidogo, na rubani wake hana budi kuamua mapema atasafiri katika kimo gani. Kushoto kwake imesimama milima ambayo kilele chake cha Heha hufikia takriban mita 2,670, ilhali uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Akichagua futi 7,500, yaani kama mita 2,290, itambidi abaki juu ya ziwa, kwa kuwa mlima umemzidi. Injini yake pekee ikizimika, bado ataweza kunyiririka kilomita kumi na zaidi akitafuta nchi kavu.

Hadi hapo mwamuzi ni maumbile. Hiyo 7,500 yenyewe, hata hivyo, haikutoka mlimani. Kanuni za kimataifa humtaka anayeruka kwa kutegemea macho, akiwa zaidi ya futi 3,000 juu ya ardhi au maji, ashike elfu witiri na nyongeza ya 500 ikiwa njia yake, kwa kipimo cha dira, iko kati ya nyuzi 0 na 179, na elfu shufwa na nyongeza hiyohiyo ikiwa iko kati ya 180 na 359. Elfu kamili wameachiwa wanaoongozwa na vyombo. Anayerudi kutoka Kigoma, basi, hushika 6,500 au 8,500. Kama witiri na shufwa vingebadilishana, usalama usingepungua hata chembe.

Je, amri ambayo ingeweza kuwa kinyume chake huifunga dhamiri? Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alitenga sheria zinazochimbuka moja kwa moja katika sheria ya maumbile na zile ambazo mwanadamu huzipambanua kwa kuchagua njia moja kati ya nyingi, akasema kwamba hizi za pili nguvu yake hutoka kwa mwanadamu tu. Ni rahisi kudhani kwamba kwa hiyo ni nyepesi zaidi. Angani mambo ni kinyume: mlima rubani angeukwepa hata pasipo sheria, lakini hakuna tafakuri ya mtu mmoja, hata awe mwanafalsafa, iwezayo kugundua kwamba waendao mashariki ni wa witiri, hivyo anayeipuuza kanuni hiyo humsaliti asiyemjua, anayekuja mbele yake akiwa ameitii.

Chini ya futi hizo 3,000 kanuni ya witiri na shufwa hunyamaza, na marubani wanaokabiliana juu ya ziwa hubaki na macho, redio, na agizo la kila mmoja kupinda kulia, ambalo nalo lingeweza kabisa kuwa kushoto.